Umekulia chini ya Kibo, sasa theluji imekufika kiunoni: fanya hivi

Kila mwaka kuanzia mwezi wa saba naanza kubishiwa hodi. Mara mama wa Rau kamleta kijana wake, mara chalii wa Arusha kapewa namba yangu na shangazi yake, na swali ni lile lile, eti dada huko kwenye theluji watu mnaishije, nimepata chuo naondoka mwezi ujao. Nimeeleza kwa mdomo mpaka koo limekauka, sa leo naandika, ukimaliza kusoma mpe na mwenzio. Mi nilikaa Buffalo, jimbo la New York, miaka minne, nimerudi Moshi na vidole vyangu vyote kumi vya miguu ila viwili kati yao niliviombea sana, ntakueleza huko mbele.

Kwanza tuambizane ukweli, sisi watu wa huku tuna kiburi cha kijinga na theluji. Unatoka nje saa kumi na mbili asubuhi na mswaki mdomoni unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekaa pale nyeupe, ikifika saa tatu wingu limeifunika, basi tunajiona wenyeji wa hicho kitu wakati wengi wetu hatujawahi kukigusa hata kwa kidole. Yule mmisionari wa Kijerumani, Rebmann, alivyoiona mwaka 1848 akaandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wasomi wa Ulaya hawakumwamini, wakambishia miaka. Lakini mi anayenifurahisha ni mwongozaji wake, kile cheupe cha juu ya mlima yeye alikiita tu baridi, basi. Hakusema nyeupe, hakusema nzuri. Yule alikua anakijua anachokisema.

Mwalimu wangu wa theluji alikua mjomba wangu wa Kibosho, kabeba mizigo mlimani zaidi ya miaka ishirini, mgumu hasa, ndivyo tunavyowaita wapagazi, wale wagumu wa njia ya Machame. Siku ya kuniaga watu wako bize na sufuria la machalari, akaniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, mtu mkavu anasikia baridi, mtu aliyelowa ndo anakufa. Na usikimbie, ukikimbia unatoka jasho, na jasho nalo ni maji." Nikamwitikia ndiyo mjomba, aika, asante. Nikasahau kila kitu kabla hata ndege haijaondoka KIA.

Kwaiyo ukisoma haya yote na ukaona ni mengi, shika hilo la mjomba tu, usilowe na usiwe na haraka. Mengine yote yananing'inia hapo.

Nguo: kipi ununue soko la Memorial hapa Moshi, kipi ukanunulie huko

Usinunue koti kubwa huku. Najua mama atataka akununulie, atakuletea limoja zito kama godoro, mwambie asante mama lakini kilo za begi nabebea kitu kingine. Alafu ukitua mwezi wa nane utakuta kule ni joto, watu wako na kaptula, utajiona mjinga umelishika mkononi. Makoti ya kweli yanajaa madukani kule kuanzia mwezi wa kumi, na maduka ya mitumba ya huko yanayo mazuri tu kwa bei nafuu, mtumba wa kwenye chanzo chenyewe.

Cha kununua huku ni nguo za ndani. Nenda Memorial asubuhi, tafuta flizi, soksi za sufu, na zile suruali na fulana za kubana za kuvaa ndani. Vya mlimani vinapatikana, watalii wengine wakishuka wanawaachia wagumu vifaa vyao na vingine vinaishia kwenye meza za watu. Ila soma lebo. Kinachogusa ngozi kiwe sufu au polista, kisiwe pamba. Pamba ikinyonya jasho haikauki, inakukalia mwilini imelowa, na hapo unarudi kwa mjomba. Na ujue suruali ya jinsi nayo ni pamba, hilo nilijifunza kwa machozi.

Mpangilio ni wa matabaka matatu, kama wanavyovalishwa watalii pale getini kabla ya kupanda. La ndani linatoa jasho kwenye ngozi, la kati ni flizi au sweta ambalo kazi yake ni kushika hewa, maana kinachokupasha ni hewa iliyotulia katikati ya nguo, nguo yenyewe haina moto wowote, na la nje linazuia upepo na maji. Faida yake ukianza kusikia joto unavua moja kabla hujatoka jasho. Mtu aliyevaa fulana ya pamba na juu yake koti moja kubwa hana cha kupunguza, ni kuoza kwa jasho ndani ya basi alafu akishuka anaganda.

Buti nunua kule kule, namba moja zaidi ya yako, zisizopitisha maji na zinazopanda juu ya kifundo. Wengi wanakosea wanavaa soksi tatu kwenye kiatu kilichobana, damu haipiti, miguu inakua ya baridi kuliko hata ungevaa moja. Glavu chukua zile ambazo kidole gumba kina chumba chake na vinne vinalala pamoja, kama tulivyokua tunalala kwa bibi siku za Krismasi, vinapashana joto. Za vidole vitano zinapendeza lakini kila kidole kinahangaika kivyake.

Kofia ifunike masikio. Nywele zikauke kabisa kabla hujatoka, dada zangu nawaambia nyie, nilitoka siku moja nimeosha rasta, nikafika kituoni zinagongana kama njiti.

Kujua inakuja

Hii sehemu naipitia haraka ila usiiruke. Kule joto wanalipima kwa Farenhaiti, kwaiyo ukiona 32 usivae tisheti, hiyo ndo sifuri yetu, maji yanaganda hapo. Badilisha simu isome Selsiasi mpaka uzoee. Alafu angalia namba ya pili, ile ya "inavyosikika", maana upepo unabadilisha kila kitu, kipimo kikiwa -10 na upepo unaenda kilomita 30 kwa saa ngozi yako inasikia kama -20.

Idara yao ya hali ya hewa inatumia maneno mawili yanayofanana. "Watch" maana yake mazingira yapo, inaweza ikaja, nenda dukani. "Warning" maana yake inakuja kweli au imeshafika, rudi nyumbani. Mi mwaka wa kwanza niliona ni kitu kimoja.

Buffalo kuna mambo yake. Mji umekaa mwisho wa ziwa Erie, na mwanzoni mwa baridi ziwa bado lina joto la kiangazi, upepo wa baridi ukikatiza juu ya maji unabeba unyevu na kuumwaga nchi kavu ukiwa theluji. Unamwagika kwenye mkanda mwembamba. Nakwambia mtaa mmoja jua linawaka, ukienda kilomita kumi kusini watu wamefukiwa mpaka madirishani. Mtu wa Moshi anaielewa hii haraka kuliko Mmarekani wa California, maana si tunajua mvua inavyoweza kupiga Kibosho siku nzima na kule chini TPC, kwenye mashamba ya miwa, ni vumbi tupu. Kwaiyo usimwamini rafiki anayekwambia huku kwetu kuko poa njoo. Kwao kuko poa, njiani je?

Kwa wastani mji ule unapata karibu mita mbili na nusu za theluji kwa msimu mmoja. Haishuki yote kwa mpigo, lakini mwezi wa 11 mwaka 2014 vitongoji vya kusini vilipata zaidi ya mita moja na nusu ndani ya siku chache tu. Hiyo ni urefu wa mama yangu.

Siku niliyolowa

Sa ngoja nisimulie. Ilikua mwezi wa kumi na mbili, mwaka wangu wa kwanza, nina kazi ya jioni ya kuosha vyombo na bosi kasema asiyefika asirudi kesho. Theluji imeanza saa sita mchana, taratibu, nzuri kabisa, nimepiga picha nimetuma kwenye grupu la familia, shangazi kajibu "utukufu kwa Mungu". Nikatoka saa tisa na jinsi, raba, soksi za pamba na lile koti la mama. Kituo cha basi ni dakika ishirini kwa mguu. Theluji ilikua imefika magotini na mi kwa kuogopa kuchelewa nikaanza kukimbia, ukikimbia kwenye theluji ni kama kukimbia ndani ya shamba la mpunga, nikatoka jasho mgongo mzima.

Basi halikuja. Nilisimama pale dakika arobaini hivi, jasho likapoa, jinsi ikalowa mpaka mapajani alafu ikaanza kukakamaa, nakwambia ikawa ngumu kama gunia lililokaushwa juani, inakwaruza ngozi. Vidole vya miguu vilianza kuuma sana. Baadae vikaacha kuuma, na mi mjinga nikafurahi, nikasema sasa nimezoea.

Hiyo ndo alama ya hatari yenyewe. Baridi ikiuma bado uko salama kidogo, ikiacha kuuma na ngozi bado iko nje au imelowa ujue sehemu hiyo inaganda. Ingia ndani popote, duka, kanisa, ngazi za nyumba ya mtu. Usisubiri basi.

Mi aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kikongo, wa Uvira, alikua anakaa chini ya chumba changu. Buffalo ina Wakongo na Wasomali wengi waliokuja kama wakimbizi, Kiswahili unakisikia mpaka kwenye foleni ya dukani, usijifungie na Kiingereza chako. Niliporudi najikokota alinivuta ndani akanivua viatu, vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikua vyeupe kama mshumaa, ukigusa sisikii. Nikataka kuviweka juu ya hita. Akanipiga mkono. "We mtoto, utaiva na hutasikia!" Na kweli, ngozi isiyosikia inaungua bila wewe kujua.

Alichofanya, na ndivyo inavyotakiwa, ni beseni la maji ya vuguvugu, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, nyuzi 37 mpaka 39 hivi, miguu imekaa humo nusu saa anaongeza maji yakipoa. Hakusugua. Kuna watu watakwambia usugue, wengine hata usugue na theluji yenyewe, hapana, unachana nyama zilizoganda. Akanipa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi. Damu iliporudi niliumia mpaka nikamwita mama yangu aliyeko Pasua, akaitikia yule mama wa Uvira, "niko hapa mwanangu". Vikawa vyekundu, vikavimba, vikapona. Ingekua vimebaki vyeupe au vya kijivu, vigumu kama nta, au vimetoa malengelenge, hiyo ni hospitali moja kwa moja.

Na kama mwenzako ameanza kuongea kama mlevi, anajikwaa, anasinzia, na mbaya zaidi ameacha kutetemeka wakati bado ana baridi, piga 911, namba ya dharura ya kule, hapo hapo. Mtoe nguo zilizolowa, mfunge blanketi, mpashe kifua na tumbo kwanza kabla ya mikono na miguu. Na usimpe kinywaji kikali. Najua huku tunasema kidogo cha kupasha mwili, ila pombe inafungua mishipa ya ngozi, joto la ndani linatoka nje, unajisikia moto huku unapoa.

Bosi wangu hakunifukuza bwana. Hata kazini hakukua na mtu, walifunga saa tisa na nusu na hakuna aliyekumbuka kuniambia.

Ndani ya nyumba

Ile "Watch" ikitoka nenda dukani mapema, kabla Wamarekani hawajamaliza mikate na maziwa, sijui kwa nini huwa wanakimbilia hivyo viwili. We chukua unga wa mahindi, maharage ya kopo, mayai, ndizi mbichi kwenye duka la Wakaribiani, na nyama ya supu. Mtori wa siku tatu ndo chakula cha dhoruba, mi sina ubishi na hilo. Dawa zako ziwe za wiki. Chaji simu na pawabenki, jaza ndoo maji.

Umeme ukikatika hita nyingi nazo zinazima hata kama ni za gesi, kwa sababu feni yake inatumia umeme. Hapo jikusanyeni chumba kimoja, ziba chini ya mlango na taulo, vaeni kofia ndani. Na naomba hapa usome taratibu: usiingize jiko la mkaa ndani, usiwashe jenereta ndani wala gereji, usipashe nyumba kwa oveni ya gesi. Huku kwetu kila ikifika mwezi wa sita na wa saba tunasikia familia imelala na jiko la mkaa haikuamka, na bado nilikuta vijana wetu, wasomi, wamebeba lile jiko la kuchomea nyama wanataka kuliweka sebuleni. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye moto, kaboni monoksaidi, haina harufu. Hakikisha nyumba ina kile kidude cha ukutani kinacholia hewa hiyo ikizidi, kijaribu kwa kubonyeza, badilisha betri. Na nje ya nyumba kuna bomba la kutolea moshi wa hita, mara nyingi liko ubavuni chini chini, theluji ikilifukia moshi unarudi ndani. Lifukue kabla hujafukua kitu kingine chochote.

Mabomba ya maji yanapasuka yakiganda. Usiku wa baridi kali acha bomba litiririshe uzi mwembamba wa maji na fungua milango ya kabati chini ya sinki hewa ya joto iingie. Ukisafiri usizime hita ili kuokoa hela, ishushe tu. Kuna mwenzetu alizima akaenda kwa dada yake wiki moja, aliporudi dari iko sakafuni.

Kufukua

Chepe la theluji ni pana na jepesi, la plastiki. Watu wanadhani theluji ni pamba. Hebu piga hesabu na mimi: njia ya mita kumi, upana mita moja, theluji nusu mita, hizo ni mita tano za ujazo. Theluji iliyoanza kutulia inafika kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, ikilowa inazidi mara mbili na tatu. Kwaiyo kinjia chako hicho kidogo ni nusu tani, magunia matano ya mahindi, na utayainua vijiko vijiko na mgongo wako. Ndo maana kila baridi kuna watu kule wanadondoka na moyo wakiwa na chepe mkononi, hasa watu wazima ambao mwaka mzima wamekaa kwenye kiti.

Usisubiri iishe kunyesha. Toka kila baada ya masaa mawili matatu usukume ile ndogo, sukuma, usiinue, na ukilazimika kuinua kunja magoti na chota nusu. Pole pole, lile neno tunalowaimbia watalii siku nzima mlimani sisi wenyewe tukifika ughaibuni tunalisahau. Ukisikia kifua kinabana au mkono wa kushoto unauma acha chepe liko hapo hapo, piga simu. Na jirani mzee msukumie na yake, mi nilivyofanya hivyo ndo nilianza kusalimiwa mtaani, mpaka leo bibi yule ananitumia kadi.

Miji mingi ina sheria kwamba njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba usafishe wewe unayekaa hapo, usipofanya ni faini, kwaiyo muulize mwenye nyumba kabla ya baridi ni kazi ya nani, na mwandikiane. Alafu jiandae kisaikolojia, ukishamaliza, jasho limekutoka kidogo, umesimama unaiangalia kazi yako, greda la jiji linapita linasukuma ukuta mwingine wa theluji mpaka mlangoni kwako. Hakuna wa kumlalamikia. Anza tena.

Chumvi mwaga baada ya kufukua, sio kabla. Inashusha kiwango cha maji kuganda kwaiyo barafu inayeyuka, ila ikifika chini ya -9 hivi chumvi ya kawaida inakua haina nguvu, hapo mwaga mchanga upate kukanyaga.

Gari

Kama huna lazima, usiendeshe. Ile dhoruba ya Krismasi ya 2022 pale Buffalo na vitongoji vyake iliua watu zaidi ya 40, na baadhi walikutwa kwenye magari yao au nje wakijaribu kutembea. Upepo ulikua unapeperusha theluji kiasi kwamba hata magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama. Kuendesha kulikua kumepigwa marufuku, lakini onyo na marufuku havikufika kwa kila mtu kwa wakati, na wengine walikua tu wanaenda kazini kama mimi na jinsi yangu.

Ukikwama, baki ndani ya gari. Hii ndo ngumu kuliko zote kwa sababu unaiona taa ya duka pale mbele, unasema ni hatua mia tu, na kwenye theluji inayopeperushwa unapotea hatua ya ishirini. Shuka kwa ajili ya ekzosi tu, nenda nyuma uifukue mpaka chini, kisha washa injini dakika kumi kila saa, fungua kioo kidogo upande usio na upepo. Ekzosi ikiziba moshi unaingia ndani na unalala moja kwa moja. Kila ukitaka kuwasha tena, kagua ekzosi tena. Funga kitambaa chenye rangi kali kwenye antena. Kwenye buti la gari muda wote wa baridi kuwe na blanketi, chepe dogo, tochi, maji, karanga, na mchanga kidogo wa kumwaga chini ya tairi. Tanki lisishuke chini ya nusu.

Baada ya kuisha

Watu wanatoka nje kupiga picha na hapa ndo wanavunjika viuno. Theluji inayeyuka mchana, usiku inaganda inakua kioo cheusi ambacho huwezi kukitofautisha na lami iliyolowa. Tembea kama bata: hatua fupi, miguu imepanuka kidogo, nyayo zinakanyaga zote bapa, mikono nje ya mifuko. Utachekesha, na wenzako wote wanatembea hivyo hivyo. Angalia juu pia, ile mikuki ya barafu inayoning'inia kwenye mapaa inadondoka jua likipiga, usipite chini yake na usiigonge na fimbo ukiwa umesimama chini.

Miwani ya jua vaa hata kama unajiona unajishaua. Theluji mpya inarudisha asilimia 80 mpaka 90 ya mwanga, macho yanaungua, jioni yanawasha kama umemwagiwa mchanga. Wagumu hilo wanalijua, muulize yeyote aliyefika Stella Point, kule juu karibu na kilele, bila miwani. Midomo paka vaselini, ngozi paka mafuta mazito, hewa ya ndani kule ni kavu mpaka ukishika kitasa unapigwa shoti. Buti zikilowa toa soli za ndani, jaza magazeti ndani, zibadilishe magazeti baada ya saa mbili, usiziweke juu ya hita zitapasuka.

Kuna kingine ambacho hakuna aliyenionya, giza. Mwezi wa kumi na mbili pale jua linazama saa kumi na dakika arobaini jioni. Unaingia darasani mchana unatoka usiku. Dhoruba ikikufungia siku tatu juu ya hilo unaanza kulala masaa kumi na mbili, hupokei simu, hupiki, unakula biskuti. Mi mwaka wa pili iliniingia hiyo na nilidhani ni uvivu. Toka mchana jua likiwepo hata dakika kumi na tano, fungua mapazia, na kabla dhoruba haijafika hamia kwa mtu au mtu ahamie kwako, godoro chini, mpike. Kwa mama wa Uvira tulikua tunajaa watu saba kwenye vyumba viwili, tunagombania rimoti, watoto wanalia, na sijawahi kuikumbuka theluji ya siku hizo.

Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, betri kwenye baridi inashuka kutoka asilimia arobaini mpaka kuzima bila kukuaga. Na piga nyumbani mapema. Tofauti msimu wa baridi ni masaa nane, ukiamka saa moja asubuhi huku Moshi ni saa tisa mchana, mama ameshasikia kwenye redio kwamba Marekani kuna dhoruba na ameshazunguka kwa majirani wote. Mpigie kwa video, geuza kamera aone dirishani ilipofika, alafu igeuze upesi umuonyeshe sufuria ya mtori inachemka, maana swali lake la kwanza litakua hilo.